Kwa Mama Tepu, Aliyeshona Matiti ya Kitambaa

Mwaka umetimia sasa, mke wangu, tangu cherehani yako inyamaze. Bado nafungua milango yote miwili ya kibanda chetu kila asubuhi, wangu na wako. Kwangu anaingia mwenye baiskeli na pancha yake. Kwako linaingia vumbi. Nafagia, jioni nafunga, kesho nafungua tena. Kitinda mimba wako aliniuliza, "Baba, mlango wa mama unamfungulia nani?" Nikamwambia sijui. Na kweli sijui.

Nakuandikia hapa gazetini, mbele za watu, kwa sababu wewe hukupenda mambo ya kunong'onezana. Mficha uchi hazai, ndivyo ulivyokuwa ukisema. Shule niliiacha mapema, unajua, kwa hiyo maneno yakikaa upande utayanyoosha mwenyewe, kama ulivyozoea kuninyoosha kola tukitoka.

Wasiokujua wajue kwamba jina la Mama Tepu ulipewa na mtaa, kwa sababu ile tepu ya kupimia haikukutoka shingoni tangu unaamka. Hata harusini ulikwenda nayo. Watu wakakutazama, ukaninong'oneza, "Umeona gauni langu linavyowatoa macho?" Sikukuambia kitu mpaka tumerudi nyumbani. Ulinirushia kandambili moja, kisha ukacheka mpaka ukakaa chini.

Mimi uliniita Mzee Pancha. Ulisema tumeoana kiraka na kiraka, mmoja wa nguo na mmoja wa tyubu, na nyumba ya viraka haivuji.

Ulishona sare za shule, ulishona mapazia, lakini jina lako lilivuma kwa sidiria. Wanawake ambao za dukani ziliwakataa, huyu zinambana, yule zinamning'inia, wote walipita mbele ya beseni langu la maji wakaingia kwako nyuma ya pazia. Wasichana ndio walioona haya kupita wote. Nilikuwa nakusikia ukiwaambia, "Humu tupo watatu, mimi, wewe na tepu, na tepu haina mdomo." Basi mimi huko nje nilipampu kwa nguvu nisisikie yasiyonihusu. Nilipampu hata tairi lililokwisha kujaa. Mteja mmoja akaniambia, "Fundi, utanipasulia." Nikamwambia avumilie, kuna heshima inalindwa.

Kisha likaja lile gari la serikali.

Nataka niseme ukweli hapa, kwa sababu hasira zangu zikianza huwa zinakimbia na kila kitu. Jambo lenyewe lilikuwa jema. Serikali ilitaka mabinti wafundishwe afya ya matiti mapema, wajue miili yao, wajikague, wasingoje mpaka maji yawe shingoni. Mtaani kwetu titi lilikuwa neno la kusemwa huku mtu anatazama pembeni. Wewe ulifurahi sana. Ukaniambia, "Kwa hili, Mzee Pancha, wamefikiri." Mimi nikakujibu kwamba serikali ikija na fulana, itaondoka na fulana. Ukanikaripia, "Usiwe na mdomo wa kutu."

Walikuja wawili. Sista wa zahanati, ambaye ulimshonea tangu hajaolewa, na bwana mratibu wa mpango, kijana nadhifu wa viatu vya kung'aa. Kila alichoulizwa alijibu, "Kwa mujibu wa mwongozo." Alipotoka tu ulikwisha kumbatiza: Mwongozo. Mpaka leo jina lake halisi silijui.

Mwongozo alikuwa amefunga kitu kwenye gazeti kama mtu aliyenunua nyama. Akakiweka mezani, akakifungua huku anatazama dari. Lilikuwa titi la kitambaa. Nje nailoni laini ya soksi ndefu, ndani sponji, na mle ndani kabisa wameficha shanga moja, upande wa juu kuelekea begani. Msichana anatakiwa apapase mpaka aikute, apate kujua uvimbe unavyohisika kidoleni. Kitu cha akili. Ulikigeuza, ukakibonyeza, ukasema, "Aliyeshona hiki anatetemeka mkono, lakini wazo ni zuri."

Nakumbuka mazungumzo yenu kama nilivyoyasikia, maana nimeyarudia kichwani mpaka yamelika kama tairi.

"Nishone hivi hivi, mwanangu?"

"Hivi hivi, mama. Zote zifanane na sampuli. Kwa mujibu wa mwongozo, vifaa vya kufundishia visitofautiane."

"Na shanga?"

"Pale pale ilipo."

"Zote?"

"Zote, mama."

Na wewe kwa sampuli, nani asiyekujua? Mteja akileta sampuli, kwako hiyo ilikuwa sheria. Hukuzaliwa hivyo. Ni yule mwalimu mkuu aliyekurudishia furushi zima la mashati kwa sababu mifuko imekaa upana wa kidole chini ya ile ya shati la sampuli aliloleta. Ulifumua mifuko yote huku unatokwa machozi ya hasira. Tangu siku hiyo ukaapa: mtu akitaka mfuko mgongoni, utauweka mgongoni na utampa na kifungo.

Basi ukakata umbo la titi kwenye boksi gumu, ukalitoboa tundu pale penye shanga, ukawa unalilaza juu ya kila moja na kuweka alama kwa chaki. Shanga haikuweza kuhama hata ingetaka. Ulipomaliza ukazipanga mezani, ukaniita nioshe mikono nije nione. "Funga macho, papasa. Niambie ipi ni ipi." Sikuweza. Zilikuwa sawasawa kama mayai ya kuku mmoja. Ukaziita Mapacha. Nilikuona umesimama, mikono kiunoni, tepu shingoni, na nikajua hakuna fundi mwingine mtaa ule.

Ulizifua ukazianika kwenye kamba nje, zikapangana hapo zinapepea. Mwendesha baiskeli mmoja akasimama akaniuliza, "Mzee, hizi ni tyubu za baiskeli gani?" Ukamjibu kutoka ndani, "Za baiskeli iliyokunyonyesha wewe!" Alisahau hata pancha yake.

Siku ya uzinduzi ukumbi ulijaa mabinti. Fulana zikagawiwa, zimeandikwa Jijue, Jikague. Mkubwa mmoja akasoma hotuba ndefu, akafunguliwa chupa ya maji, akaondoka kabla ya somo lenyewe. Kisha Sista akagawa Mapacha. Mwanzoni wasichana walicheka, wakarushiana kama mipira. Wewe ukasimama ukawaambia, "Chekeni yaishe. Mimi nimeshayapima matiti ya mtaa huu yote, ya mama zenu na ya bibi zenu, na hakuna hata moja lililonichekesha." Wakaanza kupapasa. Mmoja akapiga kelele, "Sista, nimeipata!" Mwingine, "Hata mimi!" Watu wakapiga makofi. Mwanao wa mwisho alikuwa mstari wa mbele.

Somo lilirudiwa mara kadhaa. Mimi nilikuwa nawaletea Mapacha kwa baiskeli, nikawa nachungulia mlangoni. Mwishowe walikuwa hawapapasi tena. Mtu anapokea, anapeleka kidole pale pale, kama anabonyeza kengele ya mlango. "Nimeipata!" Makofi. Nikasema moyoni, wameelewa haraka. Kila mtu aliona wameelewa.

Halafu gari likaacha kuja. Tukaambiwa awamu ya kwanza imekamilika kwa mafanikio, awamu ya pili inasubiri idhini. Mapacha walikuwa kwako, uliwachukua kuwafua. Ukawatia kwenye gunia safi, ukaliweka juu ya kabati. Ukawa unaniambia, "Watarudi tu. Kitu kizuri hakiachwi katikati." Mimi nikatikisa kichwa. Sikutaka kushinda ubishi ule, mke wangu. Sikutaka kabisa.

Wewe mwenyewe ulilishika lile somo kuliko wote. Kila mwezi ukitoka kuoga ulikuwa unanipa taarifa kama askari wa lindo. "Nimejikagua, Mzee Pancha. Hakuna kitu. Bado unaye." Nami nakujibu, "Sawa, mkuu." Ilikuwa dua yetu ndogo.

Sasa sidiria yako ikaanza kukuudhi. Uliona chini ya titi la kushoto ngozi imejikunja kidogo, imevutwa ndani, kama kitambaa uzi ukikazwa kupita kiasi. Na wewe ni fundi. Ukiona mkunjo unajua tatizo ni mshono. Ukaifumua sidiria, ukaishona upya. Mkunjo upo. Ukalaumu lastiki, ukabadilisha. Mkunjo upo. Ukakata nyingine mpya kabisa, ukaipiga pasi, ukaivaa, ukasimama mbele ya kioo unaguna. "Lastiki za siku hizi, baba, hata mbwa huwezi kumfunga nazo."

Hakuna mtu mwingine duniani angefumua nguo kwa sababu ya ugonjwa. Ni wewe tu. Nikilikumbuka hilo nacheka, halafu sijui kicheko kimeishia wapi.

Ni Sista aliyeona. Alikuja kupimwa sidiria yake, mkawa nyuma ya pazia mnapiga soga, nami napampu. Nikakusikia unasema, "Hebu tazama, Sista, lastiki inavyonivuta." Kisha kimya. Nikaacha kupampu.

Sista akasema taratibu, "Dada, hii si lastiki. Wewe hukujikagua?"

"Mimi? Kila mwezi! Pale hakuna kitu."

"Pale wapi?"

"Si pale pa shanga."

Nikasikia kigoda kinalia. Sista alikuwa amekaa chini. Alipotoka nje hakunitazama usoni. Akasema, "Baba, kesho usifungue. Mpeleke hospitali kubwa, nitakupa barua."

Huko hospitali kubwa watu walitutendea vizuri, siwezi kusema uongo. Daktari alikuwa mpole, umri wa mwanetu wa kwanza. Alisema ugonjwa umeshatembea. Wewe ukamuuliza, "Umetembea kwenda wapi na mimi nimekaa?" Hata yeye akatabasamu, kisha akavua miwani akaifuta muda mrefu. Ulitibiwa. Nywele zikaondoka, ukajishonea vilemba vya kila rangi, ukawashonea na wenzako wa wodini, ukisema kipara kisichovishwa ni kama tairi lililolika. Tepu hukuivua. Nesi alitaka kuitoa siku ya upasuaji, ukamwambia aishike yeye, asiiweke chini.

Iko kwangu. Iko kwenye msumari, upande wako wa mlango.

Baada ya kukuzika nilikwenda ofisini kwao. Sikwenda kupigana, ingawa mwanetu wa kwanza, yule dereva, alinifuata akidhani nakwenda kupigana. Nilikwenda kuuliza swali moja tu: nani alisema shanga ikae pale pale kwenye matiti yote?

Mwongozo alinipa kiti. Alikuwa na huzuni ya kweli, niliiona, na hiyo ndiyo iliyonichanganya zaidi. Ningependa angekuwa mtu mbaya.

"Mzee wangu," akasema, "awamu ya kwanza ililenga kuwaondolea mabinti hofu. Waipate shanga upesi, wajiamini, wasikate tamaa. Uvimbe unaweza kutokea popote, na kuna dalili ambazo si uvimbe kabisa. Ngozi kujikunja, chuchu kuingia ndani au kutoa majimaji. Hayo yote yako awamu ya pili. Sampuli zake zilikuwa ziletwe, shanga mahali tofauti tofauti."

"Awamu ya pili ilikuwa wapi?"

"Ilisubiri idhini."

"Ya nani?"

"Ya juu."

"Juu wapi?"

Akanyoosha kidole. Mimi, kwa ujinga wangu, nikatazama juu. Nikaona feni imesimama.

Nilirudi nyumbani nikakaa mlangoni. Sasa nisaidie, Mama Tepu, maana wewe ndiye uliyekuwa unanifungulia mafumbo. Aliyeleta sampuli alifuata mwongozo. Wewe ulifuata sampuli. Sista alifundisha kwa kile alichopewa. Mabinti waliipata shanga. Mkubwa alisoma hotuba bila kukosea hata neno. Kila mtu alifanya kazi yake vizuri, na wewe umekufa. Nimejaribu kumpata wa kumkamata shati, kila ninayemshika ananionyesha wa mbele yake, na yule wa mwisho hana sura, ni dari.

Lakini sitasema hakuna mwenye kosa. Hapana. Somo likikatwa katikati, kuna aliyelikata. Mtu hafundishwi kuvuka barabara kwa kutazama upande mmoja, ukamwambia upande wa pili utakuja bajeti ikiruhusu. Wenye madaraka mnaosoma gazeti hili, hilo nawaachia. Mlale nalo.

Nadhani ningeishia hapo, na kumbukumbu hii ingekuwa ya matusi tu. Ila majuzi gari limerudi.

Ndiyo, Mama Tepu. Walirudi kama ulivyosema. Awamu ya pili imepata idhini, na fulana mpya, na rangi mpya. Mwongozo alishuka, amenenepa kidogo. Akanisalimu kwa adabu, "Shikamoo, mzee." Sikuitikia haraka. Akasema wameleta pole, na kwamba wanaomba vile vifaa vya kufundishia alivyovihifadhi marehemu, maana sampuli mpya zimechelewa na mabinti wanaanza wiki ijayo.

Nilimwambia, "Gunia lile litatoka humu likiwa majivu."

Akajaribu kusema. Nikamwambia, "Kwa mujibu wa mwongozo wa nyumba hii, ondoka."

Gari lilipokwenda nililiteremsha gunia. Nilikuwa na mafuta ya taa na kiberiti. Nakuambia kila kitu, sikufichi. Niliwaona Mapacha wako mle ndani, wamelaliana, wanafanana, kila mmoja na shanga yake mahali pale pale, nikaona kama wananicheka. Nikaona ndio waliokudanganya.

Mwanao wa mwisho akanikuta uani. Amekuwa mkubwa, ana mabega yako, na akikasirika anafinya mdomo kama mtu mwenye pini midomoni.

"Baba, unachoma kazi ya mama?"

"Nachoma kilichomuua."

"Hakikumuua. Kilimwambia nusu."

"Nusu ndiyo iliyomuua!"

"Basi na sisi je?"

"Nyinyi nani?"

Akatazama chini. Kuna maneno binti hamwambii baba yake, na wewe ndiye uliyemfundisha hivyo. Akayasema kwa sauti ndogo, macho kwenye vidole vya miguu.

"Mimi nilikuwa mstari wa mbele, baba. Mpaka leo nabonyeza pale pale tu. Na wenzangu vivyo hivyo. Ukumbi mzima."

Mafuta ya taa niliyaweka chini. Nilikuwa nimesahau, mke wangu. Nilikuwa nakulilia wewe kiasi kwamba nilisahau kuna ukumbi mzima. Wale mabinti waliopigiwa makofi wako wapi sasa? Mmoja ameolewa mbali, mwingine yuko kiwandani, mwingine ananyonyesha. Kila mwezi wanatoka kuoga, wanapeleka kidole kwenye kengele, hakuna anayeitika, wanasema, "Niko salama." Nani atawaambia? Dari?

Ndiyo maana naandika. Wewe binti uliyefundishwa ukumbini kwetu kwa matiti ya kitambaa, mwenye mikono iliyoyashona ni huyu ninayemkumbuka hapa, na yeye angetaka ujue hivi. Usitafute mahali pamoja. Papasa titi lote, juu na chini, katikati na pembeni, mpaka kwapani, mpaka kwenye mfupa wa bega. Simama mbele ya kioo, inua mikono, tazama ngozi. Ukiona imejikunja, imevutwa, imebadilika rangi, chuchu imegeuka au inatoa kitu, usibadilishe lastiki. Nenda zahanati. Sista ameniambia niandike pia kwamba uvimbe mwingi si saratani, kwa hiyo usife kwa woga kabla hujapimwa. Nenda tu, waone wao.

Mimi ni mtu wa tairi. Baiskeli ikija na pancha, nikitoa mwiba mmoja sifungi. Napitisha vidole ndani ya tairi lote, polepole, duara nzima, maana mwiba wa pili ndio unaomrudisha mteja na matusi. Miaka yote hiyo nilikuwa nafanya hivyo hatua chache kutoka kwenye meza yako, na hakuna hata mmoja wetu aliyeona kwamba kazi ni ile ile. Hilo nalo sijui niliweke wapi.

Mwanao alilichukua gunia. Alikaa kwenye kiti chako, akawasha cherehani, na mimi nilikuwa nimeshika tyubu majini. Niliposikia ule mlio sikugeuka, niliogopa kugeuka. Alifumua Mapacha mmoja mmoja. Shanga akaihamisha. Hii chini, hii karibu na chuchu, hii mbali kabisa kwapani, hii kubwa, hii ndogo kama punje. Lile boksi lako la tundu hakulitupa, amelitundika ukutani. Nilimuuliza kwa nini, akasema, "Ni mkono wa mama."

Kisha akaniita. "Osha mikono, baba. Funga macho. Nataka kujua kama nimezificha vizuri."

Nikafunga macho. Nikapapasa kama ninavyopapasa tairi, duara nzima. Ya kwanza nikaipata. Ya pili ilinichelewesha. Ya tatu akanicheka, "Mzee Pancha umezeeka," kwa sauti yako kabisa, nikakaribia kufungua macho. Tukaenda hivyo mpaka akanipa moja niliyoizunguka, nikaizunguka tena, sikupata kitu.

"Hii umesahau kutia," nikamwambia.

"Sikusahau. Fungua macho."

Nikafungua. Halikuwa na shanga. Alikuwa amepitisha uzi kwa ndani, upande wa chini, akaukaza kidogo, na nailoni ikajikunja. Mkunjo mdogo tu, umevutwa ndani. Ule ule.

Kidole gumba changu kilikwenda chenyewe kuunyoosha. Nikausugua, nikausugua, kama wewe mbele ya kioo. Hautoki. Mwanao aliniachia mpaka nikamaliza.

Hatukuunyoosha. Mwanao aliwaita tena, na gari lilipokuja kuchukua gunia nilimwitikia Mwongozo salamu yake, marahaba, basi, sikuongeza. Sijamsamehe, na wa dari sijamsamehe. Mwenye kovu usidhani kapoa. Ila lile lisilo na shanga nililitoa guniani nikampa mkononi, halikufungwa gazeti. Nikamwambia, "Hili litangulie. Mabinti waanze na hili. Wakikuuliza jina lake, linaitwa Mama Tepu."

Akalishika kwa mikono miwili. Hakutaja mwongozo.

Unakumbukwa na mimi mumeo, Mzee Pancha, na mama yako mzazi, ambaye bado anauliza nani atamshonea, na mwanao wa kwanza, dereva, na mke mwenzako wa utani, yaani mke wa huyo dereva, anayevaa gauni ulilomwachia bila upindo, na mwanao wa mwisho, aliyekalia kiti chako, na mjukuu wako wa kike, ambaye ameivua tepu msumarini akaizungusha shingoni na hataki kuitoa, na Sista, na wenzako wa wodini wenye vilemba, na ukumbi mzima wa mabinti, popote walipo.

Milango yote miwili iko wazi, Mama Tepu. Kuanzia wiki hii wa kwako unaingia watu.

Tutakukumbuka daima, na si mahali pamoja tu.